Kifo Kwanza, Maisha Baadaye: Jinsi Raoul Peck Alivyomjenga Lumumba

Filamu ya *Lumumba* ya Raoul Peck, juu ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, inaanzia pale filamu nyingi za wasifu zinapoishia. Ni usiku huko Katanga, magari yanakata pori, na mfungwa mmoja anaanza kusimulia kwa sauti tulivu. Punde tunawaona Wazungu wawili wakikata maiti kwa msumeno na kuichoma ndani ya pipa. Hatujaambiwa bado marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani wala alidai nini. Tunachojua ni kwamba waliomuua hawakuridhika na kumuua. Walitaka hata mfupa wake usionekane.

Uamuzi huo wa kutanguliza kifo ndio uliozaa sifa za filamu hii, na ndio uliozaa lawama zake. Ilionyeshwa Cannes mwezi Mei 2000. Tangu hapo wahakiki wa ng'ambo na watazamaji wa Kongo wameipima kwa mizani mbili tofauti, na kila upande una haki yake. Ili kuelewa kwa nini, tuangalie ilivyotengenezwa.

Peck ni Mhaiti. Familia yake ilikuja Kongo mwaka 1961, baba yake akiwa miongoni mwa wataalamu wa Haiti walioajiriwa kuziba nafasi zilizoachwa na Wabelgiji. Kabla ya filamu hii alikuwa ametengeneza filamu ya hali halisi juu ya Lumumba huyo huyo, akitumia mitaa ya Brussels, picha za kumbukumbu na masimulizi ya mama yake mwenyewe. Kwa hiyo aliporudi kwenye habari hii na kuiandika upya pamoja na Pascal Bonitzer, safari hii kwa waigizaji, hakuwa mgeni wa mada. Alichokosa ni nchi ya kupigia picha. Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilikuwa vimeigawa Kongo vipande vipande. Kamera zikapelekwa Zimbabwe na Beira, Msumbiji, na majengo yaliyoachwa na Wareno yakachukua nafasi ya Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Eriq Ebouaney, Mfaransa mwenye asili ya Kameruni, akavaa miwani na ndevu za Lumumba. Alex Descas akawa Mobutu, na Maka Kotto akawa Kasa-Vubu.

Turudi kwenye sauti ya marehemu. Katika filamu ya kawaida ya wasifu, mtazamaji hushikwa na swali moja: je, shujaa atapona? Peck anaua swali hilo katika dakika za mwanzo na kuweka lingine: walimzungushia kamba vipi mpaka akakosa pa kutokea? Kuanzia hapo kila tukio la furaha lina kivuli. Tunamwona Lumumba akiuza bia ya Polar mjini Léopoldville, akichangamsha umati kwa maneno yake. Tunacheka naye, lakini tumekwisha kuliona lile pipa.

Sehemu inayoonyesha vizuri zaidi ufundi huo ni hotuba ya tarehe 30 Juni 1960. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji amekwisha kusema, akimsifu Léopold wa Pili. Kasa-Vubu amejibu kwa adabu. Lumumba, ambaye hakuwa kwenye ratiba ya wasemaji, anasimama na kutaja matusi, viboko na kazi za shuruti. Mwongozaji mwingine angemwachia Ebouaney ukumbi mzima aufurahishe kwa ufasaha wake. Peck anahangaika zaidi na wanaosikiliza. Anakata kutoka kwa msemaji kwenda kwa nyuso zao, na katika nyuso hizo uhusiano wa Brussels na serikali mpya unavunjika kabla serikali yenyewe haijalala usiku wake wa kwanza. Hotuba imefupishwa, naam, lakini madhara yake yote yamo.

Gharama ya ufundi huu ni kasi. Serikali ya Lumumba iliapishwa mwishoni mwa Juni, na tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu akatangaza kumfukuza: wiki kumi hivi. Katika wiki hizo jeshi liliasi, Katanga ikajitenga, askari wa Ubelgiji wakarudi na Umoja wa Mataifa ukaingia. Kisha mkuu wa majeshi, Mobutu, akapindua, Lumumba akatoroka, akakamatwa Sankuru, akafungwa Thysville, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Yote hayo yameshindiliwa katika muda usiofika saa mbili. Wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani walimsifu Ebouaney kwa moyo mmoja, kisha wakalalamika kwamba asiyeijua historia hii hupotea njiani: majina ni mengi, mikutano ni mingi, na mtu wa nyumbani, mume na baba, haonekani vya kutosha. Wengine walisema shujaa amesafishwa mno.

Nakubali lawama ya kwanza, na mfano wake unatugusa sisi wa Bunia, Ituri. Katika filamu, Jenerali Janssens, kamanda Mbelgiji wa jeshi la Force Publique, anawakusanya askari na kuandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Askari wanachafukwa, uasi unaanza. Ni onyesho fupi, safi, la kweli kihistoria. Lakini mtazamaji haambiwi kwa nini sentensi moja iliwasha moto mkubwa hivyo. Jina la mtaa wetu, Saio, ni jina la mji wa Ethiopia ambako askari wa Force Publique waliwashinda Waitalia mwaka 1941, na jenerali wao, Gazzera, akasalimu amri. Miaka 19 baadaye, jeshi hilo lilikuwa na askari wapatao 25,000, na halikuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika. Anayejua hilo anaposoma ule ubao anaona tusi juu ya damu iliyomwagika. Asiyejua anaona vurugu za askari, na vurugu ndizo picha ambayo magazeti ya Ulaya yalikuwa yakiiuza juu ya Kongo. Maneno mawili tu kinywani mwa sajini mmoja mzee yangetosha kuondoa kasoro hii.

Lawama iliyopiga kelele kuliko zote ilihusu mkutano mmoja. Peck amekusanya mezani watu wanaoamua hatima ya Lumumba, na kati yao yumo Mmarekani anayetajwa kwa jina: Carlucci. Anapoulizwa, anajibu kwamba serikali yake haiingilii mambo ya ndani ya nchi nyingine. Frank Carlucci alikuwa ofisa wa ubalozi wa Marekani Léopoldville wakati huo, na baadaye akawa waziri wa ulinzi wa Rais Reagan. Alikana kuhusika kwa namna yoyote, na katika nakala iliyorushwa na televisheni ya HBO jina lake lilifunikwa kwa mlio. Kiufundi, hii ni mbinu ya kukunja mashauriano mengi yaliyofanyika mahali mbalimbali kuwa kikao kimoja. Mbinu hiyo ni halali katika filamu ya kihistoria, lakini kumbandikia kauli mtu aliyekuwa hai wakati huo kulidai ushahidi mzito. Mwongozaji angeweza kumwacha Mmarekani huyo bila jina, na ukweli mkubwa usingepungua hata chembe. Tayari mtafiti Mbelgiji Ludo De Witte alikuwa amechapisha utafiti wake mwaka 1999 juu ya mkono wa Ubelgiji, na Novemba 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ikakiri kwamba baadhi ya wajumbe wa serikali ya nchi hiyo na Wabelgiji wengine wana dhamana ya kimaadili katika mazingira yaliyoleta mauaji hayo.

Na huku kwetu? Filamu ilipokuwa ikipigiwa makofi Cannes, Bunia ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD-ML na jeshi la Uganda, na Djugu ilikuwa ikiungua. Wengi wetu tuliiona miaka baadaye, kwa diski zilizonakiliwa na kunakiliwa tena. Kwa hiyo hatukuipokea kama watazamaji wa tamasha. Tuliipokea kama watu wanaotafuta ndugu kwenye picha ya zamani, na hapo maswali yalikuwa mengine kabisa. Mbona Stanleyville, Kisangani ya leo, imepita haraka hivyo, ilhali ndiyo iliyokuwa makao makuu ya jimbo letu la wakati huo na ngome ya MNC, chama cha Lumumba? Mbona Lumumba anazungumza Kifaransa karibu muda wote, wakati huku alikuwa akiwahutubia watu kwa Kiswahili? Mbona lafudhi za mawaziri si za Kikongo?

Maswali haya si ya mzaha wala ya ubishi. Lumumba alishinda kura kwa sababu aliweza kusema na karani, na mkulima, na askari, kila mmoja kwa lugha yake. Filamu inayompa karibu Kifaransa pekee inampunguzia silaha yake kuu, na mtazamaji anabaki kujiuliza watu walimpendea nini. Hapo ndipo kasoro kubwa zaidi ilipo, na ni nadra kuiona ikitajwa na wahakiki wa ng'ambo, kwa sababu huwezi kusikia pengo la lugha usiyoijua.

Hata hivyo, muda umeithibitisha filamu hii pale ilipothubutu zaidi. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba, mabaki pekee yaliyopatikana, likapitishwa Kisangani na kwingineko kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Wale walioona mwanzo wa filamu umezidi ukatili walipata jibu lao. Peck hakuwa akitafuta kushtua watu. Alikuwa akieleza kwa nini jeneza la taifa zima lilibeba jino moja.

Hukumu yangu ni hii. *Lumumba* ni kazi kubwa kwa anayeijua habari yake, na ni mlango uliofunguliwa nusu kwa asiyeijua. Mwalimu atakayeionyesha darasani asome kwanza na wanafunzi hotuba nzima ya 30 Juni, na amwalike mzee mmoja aeleze Force Publique ilikuwa nini. Na vijana wa Ituri wanaoshika kamera leo wajue kwamba filamu ya Lumumba anayesema Kiswahili, iliyopigwa Kisangani kwenye ukingo wa mto, bado inawangoja waitengeneze.