Mashahidi wa Steringi

Kwenye vibanda umiza, filamu huwa na mwenyewe mmoja tu, naye ni steringi. Yeye ndiye asiyekufa, yeye ndiye atakayesimuliwa kijiweni kesho yake. Waliobaki ni watu tu. Hukumu hiyo haikosi haki, maana waigizaji wa ziada, maekstra, hulipwa ili wasiangaliwe. Lakini tumejuaje kwamba steringi ni steringi? Mtu haingii hotelini akawa tajiri kwa kutamka kwamba ni tajiri. Tunamwamini kwa sababu mhudumu amenyoosha mgongo, bibi wa meza ya tatu amemnong'oneza mumewe, na mlevi wa kaunta amegeuza shingo nusu kisha akairudisha kwenye glasi yake. Hao ni mashahidi. Ninachodai ni kwamba katika filamu za Hollywood za miaka ya 1930 hadi 1950, kutoa ushahidi huo bila kufungua kinywa ilikuwa fani kamili, yenye mafundi wake na wababaishaji wake.

Chukua karamu ya dansi. Filamu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, maikrofoni ilimtaka nyota peke yake. Kwa hiyo muziki hupigwa mwanzoni ili wachezaji washike mwendo, kisha huzimwa, na miguu huendelea kuhesabu yenyewe kimyakimya. Midomo inapiga soga isiyotoka sauti. Kicheko ni cha mabega. Viganja vinapiga makofi bila kugusana. Kinachoitwa wiski ni chai iliyopoa. Na haitoshi kuyafanya hayo mara moja. Bibi aliyeinua glasi nyota alipotamka neno fulani hana budi kuiinua tena kwenye neno hilohilo, kwa mkono uleule, hata kama saa tatu zimepita na viatu vinambana, kwa kuwa kipande cha asubuhi kitaungwa na cha alasiri. Akikosea, kinywaji kitapungua na kujaa chenyewe mbele ya watazamaji. Nyota akisahau maneno watu hucheka, kazi ikaanza upya. Ekstra akiitupia kamera jicho, picha nzuri imekwenda na maji.

Atatokea wa kusema kwamba kusimama na kulala chini hakuna asiyeweza. Huyo nampeleka kwenye Gone with the Wind (1939). Scarlett, steringi wa filamu hiyo, anapopita katika uwanja wa reli wa Atlanta, kamera inapaa taratibu, na majeruhi wanazidi kutandaa mpaka jicho linachoka. Watu wa kutosha hawakupatikana, hivyo kati ya mamia ya waliolala pale zilichanganywa mamia ya sanamu zilizovishwa sare. Ingekuwa kinachotakiwa ni mwili tu, sanamu zingetosha. Hazikutosha: ilibidi walio hai wazitikise mikono sanamu za jirani ili nazo zionekane zina roho.

Casablanca (1942) inaleta pingamizi la kinyume. Wengi wa waliosimama kuuimba wimbo wa taifa wa Ufaransa mle mkahawani walikuwa kweli wakimbizi waliowatoroka Wanazi, na machozi yao, inasemwa, hayakuwa ya kuigiza. Basi ufundi uko wapi? Uko katika kuyapanga. Uchungu wa kweli haujui kamera iko upande gani wala mstari wa pili unaanza lini. Mhusika Laszlo anaanza kuimba akiwa mtu mmoja jasiri. Anageuka kiongozi pale tu meza zinapomfuata, moja baada ya nyingine.

Kisa kinachopendwa zaidi kuhusu maekstra ni cha James Murray, aliyetolewa kundini na mwongozaji King Vidor akapewa nafasi kuu katika The Crowd (1928), kana kwamba kazi hii ni ngazi ya kupandia tu. Mimi namweka mbele Bess Flowers, ambaye alibaki. Tangu 1923 hadi miaka ya 1960 alionekana katika filamu zaidi ya 800, tano kati yake zikatwaa Oscar ya filamu bora. Alikuwa ekstra wa mavazi, daraja lililolipwa zaidi kwa kuwa lilikuja na magauni yake ya jioni; kabati lake la nguo lilikuwa mtaji, kama cherehani kwa fundi.

Pingamizi zito ni jingine: kuusifu ufundi huu si kuupaka rangi umaskini? Ni swali la haki. Wakala wa Central Casting uliundwa Desemba 1925 kwa sababu madalali walikuwa wakiwakamua watafuta kazi waliojazana kwenye mageti ya studio. Baada ya hapo foleni ilihamia kwenye simu: maelfu walioandikishwa walipiga, na jibu la kawaida likawa hakuna kazi. Weusi kwa kawaida waliitwa pale hadithi ilipowataka watumwa, wabeba mizigo au "washenzi". Hata huku kwetu ukoko wa Hollywood ulifika. MGM ilipiga Trader Horn (1931) Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, kisha picha zilizobaki zikashonelewa ndani ya Tarzan the Ape Man (1932), watu wa Afrika Mashariki wakawa mandhari ya msitu uliotungwa California. Lakini dhuluma hiyo haikanushi ufundi. Inaonyesha ufundi uliolipwa kama si ufundi. Wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana katikati ya miaka ya 1940 maekstra walianzisha chama chao, Flowers akiwa miongoni mwa waasisi.

Mtafute Flowers katika All About Eve (1950). Eve Harrington amekwisha kupokea tuzo aliyoifikia kwa hila, na sisi tunaijua hila yote. Mwanamke mrefu, nadhifu, anamsogelea kumpongeza. Haijui hila hiyo, na uso wake lazima usiijue. Anasema maneno machache, anatabasamu kwa kipimo, anapisha.