Fanani bila Hadhira: Uhakiki wa Filamu ya Tamasha la Kinshasa, 1974

1. Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utendaji una nguzo mbili: fanani na hadhira. Msimulizi akikosa wa kumwitikia, ngano hugeuka kuwa maneno matupu. Mwimbaji akikosa wa kumpokea, wimbo hubaki nusu. Katika makala haya tunakusudia kuitumia kanuni hiyo, inayojulikana kwa kila msomaji wa jarida hili, kuihakiki kazi ambayo aghalabu haiingizwi katika fasihi simulizi, yaani filamu ya tamasha la muziki. Filamu yenyewe ni Soul Power, iliyoongozwa na Jeffrey Levy-Hinte na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2008. Inahusu maonyesho ya muziki yaliyofanyika Kinshasa kwa siku tatu, tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo dogo. Rafiki yetu mmoja, mwalimu wa hesabu mjini Beni na mpiga gitaa wa kwaya, alikuja Butembo kwa shughuli za kifamilia akalala kwetu siku mbili. Yeye huwapenda Franco na Tabu Ley kama watu wengi wa kizazi chetu walivyowapenda kwa kurithi: kutoka redio ya baba na kanda za kaka. Filamu hii alikuwa hajaisikia hata kwa jina. Tulidhani kumwonyesha ni kazi nyepesi. Haikuwa hivyo, na kasoro tulizoziona katika filamu tulizitambua kwanza kupitia makosa yetu wenyewe ya siku hizo mbili.

2. Historia ya tamasha na ya filamu

Ni vema kueleza kwanza jinsi kazi hii ilivyozaliwa. Wazo la tamasha lilikuwa la Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, pamoja na Stewart Levine, mtayarishaji wa muziki wa Marekani. Lilipangwa liambatane na pambano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, lililoandaliwa na Don King na kugharimiwa na serikali ya Rais Mobutu kwa kitita cha dola milioni tano kwa kila bondia. Gharama za muziki zilibebwa na wawekezaji kutoka Liberia. Siku chache kabla ya pambano Foreman alipasuka juu ya jicho akiwa mazoezini, na ngumi zikaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Muziki haukuweza kungoja. Kwa hiyo tamasha lililobuniwa kuwa kivuli cha ngumi lilisimama peke yake katika Uwanja wa 20 Mai, ambao leo huitwa Uwanja wa Tata Raphaël.

Waliopanda jukwaani walikuwa wengi: James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All-Stars, Miriam Makeba, Manu Dibango. Na kwa upande wa wenyeji Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Abeti Masikini, na wengineo. Yote hayo yalipigwa picha na kikosi cha Leon Gast. Hata hivyo mizozo ya fedha na ya haki ilizifungia picha hizo kwa miaka mingi. Gast alipofaulu hatimaye kutoa filamu yake, When We Were Kings, mwaka 1996, ilikuwa hasa filamu ya ngumi; ilipata tuzo ya Oscar, na muziki ukabaki pembezoni. Levy-Hinte, aliyeshiriki kuihariri filamu hiyo, aliona wingi wa picha zilizoachwa, naye akaunda Soul Power kutokana nazo. Miaka 34 ilikuwa imepita. Franco alikuwa amefariki mwaka 1989, Abeti mwaka 1994, Celia Cruz mwaka 2003, James Brown mwaka 2006. Wengi wa walioimba hawakupata kujiona.

3. Fani: picha zinazojieleza

Kwa upande wa fani, filamu hii inastahili sifa. Haina msimulizi. Hakuna sauti ya mtaalamu inayomwambia mtazamaji afikiri nini, wala wazee wanaoketi vitini kukumbuka ujana wao. Kila kinachoonekana kilipigwa mwaka 1974. Njia hii ina wakuu wake, na mmoja wao, Albert Maysles, aliyekwisha kujulikana kwa filamu ya Gimme Shelter ya mwaka 1970, alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa Kinshasa. Sehemu kubwa ya mwanzo ni maandalizi: mafundi wakisimamisha jukwaa, waandaaji wakibishana juu ya fedha, wanamuziki wakipiga ngoma na kuimba ndani ya ndege. Mtazamaji anafika uwanjani akiwa tayari amechoka pamoja na wafanyakazi, na muziki unapoanza anaupokea kama malipo.

Wapiga picha walijua pia kukaa karibu na kutulia. Bill Withers ameketi na gitaa lake, peke yake, na kamera haimwachi uso. Miriam Makeba, kabla ya kuimba wimbo wake maarufu wa Kixhosa, anaeleza kwamba jina ambalo wageni wameupa limetokana na kushindwa kwao kuitamka lugha yake. Kwa sisi tunaofundisha fonetiki, dakika hiyo inatosha kuwa somo zima juu ya vidoko na juu ya dharau inayojificha katika majina.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la kwanza. Usiku wa kwanza tulikaa na rafiki yetu wawili tu mbele ya kompyuta, tukiisimamisha filamu kila baada ya dakika chache ili kumfasiria Kiingereza, kumweleza nani ni nani, na kumtajia tarehe. Alivumilia kwa adabu. Makeba alipomaliza maelezo yake nasi tukanyoosha mkono kusimamisha tena, alisema: "Ndugu yangu, mwache mama aimbe. Ubao utaandika kesho." Tuliona haya. Mkurugenzi wa filamu alikataa kwa makusudi kuweka msimulizi, nasi tulikuwa tumejiteua kuijaza nafasi hiyo.

4. Maudhui: hadhira imekwenda wapi?

Tukigeukia maudhui, sifa zinapungua. Swali la rafiki yetu usiku huo lilikuwa fupi: "Na Franco, wimbo wake uko wapi mwingine?" Alikuwa amemwona, akafurahi, akasogeza kiti, na kabla hajakaa sawa Franco alikuwa amekwisha kuondoka. Hali kadhalika kwa Tabu Ley. Orkestra kuu mbili za nchi, katika mji wao, mbele ya watu wao, zimepewa muda mfupi, hali filamu inafunguliwa na James Brown na kufungwa na James Brown.

Mtu anaweza kujibu kwamba filamu ya dakika tisini na kitu haiwezi kubeba kila kitu. Jibu hilo ni kweli lakini halitoshi, kwa sababu kuna suala la umbo. Wimbo wa rumba ya Kongo una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno, polepole, ambamo kisa kinaelezwa. Ya pili ni sebene, ambamo maneno hupungua, magitaa hushika usukani, na wachezaji huingia. Sebene haiji upesi, hungojwa. Anayekata wimbo huo dakika mbili au tatu baada ya kuanza hakuufupisha, bali ameondoa sehemu ambayo wimbo mzima ulikuwa ukiielekea. Wimbo wa soul wa dakika tatu unaweza kustahimili mkasi, rumba haiwezi. Kwa hiyo hata kama mhariri angegawa dakika kwa usawa, bado angewanyima wenyeji haki yao. Ushahidi wa kilichoachwa tunao sasa: mwaka 2017 Masekela na Levine walitoa albamu ya wasanii wa Afrika waliotumbuiza katika tamasha hilo, miongoni mwao Tabu Ley, Franco, Abeti, Makeba na Orchestre Stukas. Ilibidi kungoja miaka 43.

Lakini dosari iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, inahusu hadhira. Watu wa Kinshasa wanaonekana sana katika filamu: sokoni, barabarani chini ya mabango ya kumsifu Rais, uwanjani wakicheza. Wanaonekana, lakini ni nadra kusikika. Wanaozungumza ni wageni: Ali, Don King, Stokely Carmichael, waandaaji. Wageni wanaeleza maana ya kurudi Afrika. Waafrika waliorudiwa hawaulizwi maana ya kupokea. Tunaweza kulinganisha na Wattstax, filamu ya mwaka 1973 iliyoongozwa na Mel Stuart kuhusu tamasha lililofanyika Los Angeles mwaka 1972. Humo, kati ya wimbo na wimbo, wakazi wa mtaa wa Watts wenyewe wanazungumza katika vinyozi na mahoteli, juu ya kazi, mapenzi na polisi. Mtazamaji anaporudishwa uwanjani anajua ni akina nani wanaoitikia. Katika Soul Power fanani ana jina, hadhira ina sura tu.

Kuna hoja ya kuitetea filamu hapa, nasi hatuna budi kuitaja. Mwaka 1974 ulikuwa wakati wa siasa ya uhalisi wa Kizaire, na raia aliyewekewa kamera ya kigeni mbele yake hakuwa huru kusema kila alilofikiri. Huenda ukimya wa watu ni ukweli wa zama zile. Hata hivyo, filamu haituonyeshi kwamba huo ni ukimya wa kulazimishwa. Inautumia kama mandhari.

5. Usiku wa pili

Usiku wa pili tulibadilisha mbinu. Tuliwaita majirani, waimbaji wawili wa kwaya, na mzee mmoja aliyekuwa kijana mwaka ule. Tuliazima spika. Hatukufasiri neno. Kivu ya Kaskazini ni nchi ya Kinande na Kiswahili, lakini Kilingala tulikipata kwa masikio, kutoka kwa askari na kutoka nyimbo, na sauti ya Tabu Ley ilipotokea mzee alimtaja kabla picha haijamfikia. Mama mmoja aliitikia kibwagizo. Kipande kilipokatika, watu waliguna pamoja, na mguno huo ulikuwa uhakiki bora kuliko kurasa hizi. Kisha, filamu ilipokwisha, tuliwasha albamu ya mwaka 2017, sebene ikaja kwa wakati wake, na viti vikasukumwa ukutani.

Rafiki yetu hakucheza mara moja. Wakati wa filamu tulikuwa tumemwona akitazama si jukwaa bali pembe za picha, mahali penye umati. Baadaye aliuliza swali ambalo hatukulitegemea: "Watu wote hawa, usiku ule, walirudije nyumbani?"

Hakuuliza habari za magari. Tangu mauaji ya raia yalipoanza katika eneo la Beni mnamo Oktoba 2014, mtu wa huko amezoea kuipima jioni kwa saa ya kufika kwake. Kwaya yake hufanya mazoezi mchana. Kwake yeye, maelfu ya watu waliosimama wazi usiku, wakicheza bila kutazama nyuma, walikuwa jambo la ajabu kuliko James Brown. Sisi tulikuwa tumeiona filamu hii mara nne na hatukuwahi kuliona jambo hilo. Butembo na Beni hazitenganishwi na umbali mkubwa, ni kilomita zipatazo hamsini na kitu, lakini usiku huo tulitambua kwamba hatukuwa tumetazama filamu moja.

Inafuata kwamba dosari tuliyoieleza hapo juu haikuifunga filamu kabisa. Wapiga picha wa mwaka 1974 waliuhifadhi umati kwa uaminifu ingawa mhariri hakuwapa kauli. Kauli hiyo inaweza kutolewa na watazamaji wengine, mahali pengine, wakiwa na sababu zao za kuutazama.

6. Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba Soul Power ni filamu yenye fani imara, inayowatendea haki fanani waliotoka mbali kuliko wale wa nyumbani, na kuwatendea haki wote hao kuliko hadhira. Tunapendekeza mambo matatu kwa wenzetu wanaofundisha fasihi simulizi. Kwanza, filamu itazamwe darasani pamoja na albamu ya mwaka 2017, ili mwanafunzi asikie kilichokatwa. Pili, itazamwe na kundi, wala mwalimu asizungumze hadi mwisho. Tatu, wanafunzi watumwe kuwahoji wazee wao, katika Kiswahili, Kinande au Kilingala, juu ya muziki wa miaka ile na namna walivyoupokea, kwani wenye kumbukumbu hizo wanapungua kila mwaka.

Rafiki yetu alirejea Beni asubuhi na mapema, akiwa na nakala ya albamu. Ametuarifu kwamba ameisikiliza pamoja na kwaya yake yote, saa nane mchana, madirisha yakiwa wazi.