Wageni Mezani: Juu ya Masimulizi ya The Adventure Zone

Kwa muda mrefu nilishikilia rai kwamba mchezo wa kubahatisha hauwezi kuzaa hadithi inayostahili kuhakikiwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliponihimiza kusikiliza podikasti ya Kimarekani iitwayo The Adventure Zone, nilikubali kwa adabu tu, wala si kwa hamu. Sasa yanipasa kukiri kosa langu, ingawa si kosa lote.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974. Mtu mmoja husimulia ulimwengu na maadui waliomo. Wenziwe huwa wahusika, kila mmoja akisema atakalotenda. Jambo likiwa na shaka, huamuliwa kwa kurusha dadu yenye pande 20. Basi hapa yupo mtunzi asiyejua hadithi yake itaelekea wapi.

Katika podikasti hii, iliyoanza mwaka 2014, msimulizi ni Griffin McElroy. Wachezaji ni ndugu zake, Justin na Travis, na baba yao Clint, mtangazaji wa redio wa miaka mingi. Walianza na hadithi iliyokwisha andikwa, yenye kuuzwa kwa wanaojifunza, maana hawakuwa wazoefu. Huuliza dadu ipi irushwe, hujibiwa, husahau, huuliza tena. Wasikilizaji wa ngano zetu hujua kuitikia kabla hadithi haijaanza. Hawa waitwa, nao hawajui waitikie nini!

Uzuri umo humo. Clint ni Merle, kasisi ambaye wajibu wake ni kuwaponya wenzake, naye aghalabu hakumbuki kuwaponya. Sahau ya mchezaji yageuka tabia ya mhusika, na hatimaye twampenda Merle kwa sababu hiyo hiyo. Justin naye alimpa mchawi wake jina la Taako, mzaha juu ya chakula cha Kimexico. Mzaha huo ukadumu hata ukapata huzuni yake, jambo ambalo mtunzi mwenye kujiheshimu asingethubutu kulipanga.

Mwisho wa sehemu ya kwanza, Phandalin, mji uliotoka katika kile kitabu cha wanaojifunza, wateketea kwa moto na kuwa kioo cheusi. Sidhani nakosea nikiona hapo msimulizi akichoma pia kitabu alichoazima. Tangu hapo hadithi ni yake.

Lakini ikawa yake mno. Kadiri mwisho wa hadithi, mwaka 2017, ulivyokaribia, hotuba zake zilirefuka, zikifuatana na muziki alioutunga mwenyewe, na dadu ikawa kama mgeni aliyealikwa kwa heshima asiyeombwa shauri. Mwanafunzi wangu hakubali neno hili, asema alilia. Mimi sikulia, nilitamani Clint aulize tena ni dadu ipi.

Mwaka 2018 sehemu ya kwanza ilitolewa kuwa kitabu cha katuni, kilichochorwa na Carey Pietsch. Vichekesho vimesalimika, hata msimulizi mwenyewe hujitokeza kurasani kuwakatiza wahusika. Kilichopotea ni kule kusitasita kabla ya dadu kutulia, kwa kuwa mchoraji alijua tayari imeangukia upande gani.