Fundi Rangi Hufuata Kivuli

Kati ya Kahama, Katoro na Geita mjini, dhahabu ikitoka boma hupauliwa na plasta hupigwa. Wa mwisho kuitwa ni fundi rangi, tena kwa haraka, maana mwenye nyumba anataka kuhamia. Sifa ya kwanza ya fundi mzuri ni kukataa kuanza.

Ana sababu. Saruji mbichi ina alkali kali. Ukiipaka rangi ya mafuta, mafuta na alkali hukutana yakawa sabuni kwelikweli, kama wanavyofanya wapika sabuni. Ukuta hunata, kisha rangi hubanduka. Rangi ya maji ya akriliki huvumilia zaidi, ila nayo haiwezi kushindana na unyevu unaotafuta pa kutokea. Basi fundi hungoja wiki nne hivi. Jioni hubandika kipande cha nailoni ukutani. Asubuhi akikuta matone kwa ndani, anafunika ndoo na kuaga.

Ndani ya ndoo hiyo mna vipunje vya polima vinavyoelea majini, vidogo kiasi kwamba vikipangwa mstari, milimita moja itachukua elfu kadhaa. Maji yakikauka, vipunje husogeleana, hubonyea na kuungana, vikawa ngozi moja iliyoshika chembe za rangi. Ngozi hiyo hairudi tena kuwa uji, hata mvua inyeshe vipi. Mwaka 1953 kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani ilianza kuuza akriliki ya namna hii kwa ajili ya rangi za nyumba. Mwaka huohuo, mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Tanganyika. Wekundu wa udongo, kama wa michoro ya namna hiyo, ni oksidi ya chuma, na ndiyo hiyohiyo inayotia wekundu rangi nyingi za dukani leo. Kilichobadilika ni kishikizi, yaani kile kinachoshikilia chembe za rangi ukutani.

Kishikizi hicho kina tabia zake. Jua la Shinyanga halikifanyi kuwa cha njano upesi, kwa kuwa akriliki haifyonzi sana miale inayounguza rangi nyingine. Kiwandani huchanganya methili methakrilati, iliyo ngumu, na butili akrilati, iliyo laini. Ugumu ukizidi, rangi hupasuka ukuta unapotanuka. Ulaini ukizidi, mchana hulegea na kunasa vumbi jekundu. Fundi hana haja ya majina hayo. Atakwambia tu, "Hii inashika vumbi," na ndoo hiyo hainunui tena.

Umahiri wenyewe nimeuona zaidi katika kivuli. Asubuhi hupaka ukuta wa magharibi, alasiri wa mashariki. Ukuta uliochomwa na jua hunyonya maji kabla vipunje havijaungana, na alama za brashi hubaki. Na maji ya kuzimulia hupima kwa jicho kali, hata mwenye nyumba akimsihi aongeze ili ndoo ifike mbali. Yakizidi, kishikizi hupungua, na baada ya muda ukuta huacha unga kiganjani.

Chini, kuanzia ardhini hadi usawa wa goti au kiuno, huchagua kahawia iliyokoza. Mvua za vuli zitarusha tope hapo, na fundi ameshaafikiana na tope: afadhali rangi ifanane nalo.