Elfu Kumi Zimekwenda Wapi?

Wengi wenu mmeiona video ya kijana akimsaidia binti kazi ya nyumbani ya hesabu, kwa hiyo sitaeleza nani kakaa wapi na taa ilikuwa upande gani. Twende swali la tano: 20 − 8 + 5. Binti wa darasa la tano ameandika 17. Kijana anayemsaidia kazi ya nyumbani anachukua peni nyekundu, anakata, anaandika 7 pembeni. Binti alikuwa amepata. Aliyekosa ni msaidizi, na wala si kalamu iliyoteleza: aliamua hivyo, akapewa nafasi tatu za kurudi nyuma, zote akaziacha zipite.

Maswali manne ya mwanzo aliyasimamia vizuri. Alikaa ubavuni mwa mtoto, akamwacha asome mwenyewe kwa sauti, na mabano aliyaeleza kwa utulivu.

Sasa rudisheni nyuma kabla peni haijagusa daftari. Midomo ya binti inacheza, vidole viko chini ya meza. Ishirini, anatoa nane, kumi na mbili. Anaongeza tano, kumi na saba. Anaandika. Kijana anamuuliza MAGAZIJUTO inasemaje. Binti anaikariri bila kukwama: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. "Ipi inatangulia, jumlisha au toa?" Jumlisha. "Basi anza na jumlisha." Nane na tano kumi na tatu, ishirini toa kumi na tatu, saba. Peni inashuka.

Hapo ndipo mtoto alipofanya jambo kubwa kuliko yote yaliyomo katika video ile. Hakulia, hakununa. Alisema: "Lakini kaka, kama ni hela? Mama ana elfu ishirini, kanunua mchele wa elfu nane, halafu mtu kamlipa deni elfu tano. Si anabaki na kumi na saba?" Kijana akanyamaza, akalitazama daftari. Alisita, na kila aliyewahi kufundisha anakijua kile kimya: ni akili inayogonga mlango. Kisha akajibu: "Hapa hatufanyi hela, tunafanya hesabu."

Binti akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa elfu kumi zimekwenda wapi?"

Swali hilo halikujibiwa, nami nalijibu hapa kwa sababu mtoto alistahili jibu. Elfu tano za deni ziliingia mfukoni mwa mama. Kijana alipoziunganisha kwanza na zile nane, alizigeuza kuwa matumizi. Hivyo mama alikoseshwa elfu tano alizolipwa, kisha akakatwa elfu tano nyingine ambazo hakuzitumia. Tano na tano ni kumi. Alama ya kutoa iliyo mbele ya 8 ni ya 8 peke yake. Haina mamlaka juu ya 5 mpaka mtu aweke mabano, na katika swali lile hakukuwa na mabano. 20 − (8 + 5) ni swali jingine kabisa.

MAGAZIJUTO yenyewe sina ugomvi nayo ikisomwa inavyopaswa. Ina ngazi tatu. Ya kwanza ni mabano. Ya pili ni kugawanya na kuzidisha, na hayo mawili yako sawa, hakuna mkubwa. Ya tatu ni kujumlisha na kutoa, nayo yako sawa vilevile. Mkiwa ndani ya ngazi moja mnakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia, kama mnavyosoma sentensi. Anayezisoma silabi zote kama foleni ya benki, kila mmoja na namba yake, ndiye anayefika kwenye 7.

Kwa nini basi kosa hili linadumu miaka na miaka bila kushikwa? Jaribuni wenyewe. 20 + 8 − 5 ni 23 hata ukijumlisha kwanza. Kwenye kugawanya na kuzidisha ndiyo kabisa: 24 ÷ 4 × 2 ni 12, na 24 × 4 ÷ 2 ni 48, uanze na kugawanya popote kulipo au uende kutoka kushoto. Kutanguliza GA hakumdhuru mtu. Foleni inakwama mahali pamoja tu, pale kutoa kunapokuwa kushoto kwa kujumlisha. Angalieni tena maswali manne ya mwanzo: hakuna hata moja lenye umbo hilo. Kijana alifika swali la tano akiwa na kanuni mbovu iliyompa majibu sahihi mara nne, na jambo hilo humpa mtu ujasiri. Laiti tungewakaririsha watoto TO kabla ya JU, majibu yangetoka sawa, ingawa mtoto wa darasa la tano angekwama kwenye 5 + 3 − 8, ambako kutoa kwanza kunampeleka chini ya sifuri kabla ya wakati wake. Kwa hiyo dawa si kupanga silabi upya. Dawa ni zile ngazi.

Nafasi ya kwanza ilikuwa hela za mama, ya pili swali la elfu kumi. Ya tatu ilikuwa mkononi mwa anayerekodi: simu ile ina kikokotoo. Ukiingiza 20 − 8 + 5 inakupa 17. Sisemi kikokotoo ndicho mwalimu, maana kinatoa jibu bila sababu, lakini mtu mzima mwenye shaka anacho cha kumsimamisha kabla hajakata kazi ya mtoto kwa wino mwekundu.

Na wino huo mwekundu, nimeusema sana katika safu hii na nitaendelea. Mtoto akiweka kosa kwa penseli, anafuta, anasahau. Msaidizi akiweka kosa kwa peni nyekundu juu ya jibu sahihi, mtoto anakwenda shuleni na ushahidi kwamba akili yake inamdanganya.

Watu wameniambia kijana hana lawama, ndivyo alivyofundishwa. Najua. Amekulia katika mtihani wa darasa la saba ulioanza kusahihishwa kwa mashine mwaka 2012, ambapo mtahiniwa alikuwa akisiliba herufi na mashine haimuulizi alifikaje. Karatasi ya namna hiyo ingeweka 7 na 17 jirani, na anayesiliba 7 asingejua hata siku moja elfu kumi zilipotelea wapi. Nalitambua hilo, na bado nasema: kanuni iliyopingana na hela za mama ilipaswa kuhojiwa, si hela za mama.

Mwalimu wangu wa darasa la tatu, miaka ile ya UPE, elimu ya msingi kwa wote, darasa lililojaa mpaka tunakaa sakafuni, hakuwa na kikokotoo wala kitabu cha kumtosha kila mmoja wetu. Alikuwa na jivu. Alichora mstari uwanjani, akaweka vijiti kutoka sifuri hadi ishirini na tano, akamsimamisha mmoja wetu kwenye ishirini. Toa nane: tembea kurudi nyuma hatua nane. Jumlisha tano: geuka uelekee ishirini na tano, tembea mbele hatua tano. Uko wapi? Mtoto anasoma kijiti alichosimamia. Hakuna aliyefikiria kutembea kumi na tatu kurudi nyuma, kwa kuwa miguu ilishaambiwa igeuke. Mtu akibisha, mwalimu hakumkatalia, alimwambia, "Nenda katembee." Wengi wetu tumekuwa watu wazima na bado tukiona alama ya kutoa tunahisi kisigino kikivuta nyuma. Yule mwalimu angesikia habari ya mchele na deni, angelitupa jivu na kuanzia hapo hapo kwenye mchele.

Kijana angehitaji sentensi moja tu: "Hebu tuone, hela zako zinasema kumi na saba na mimi nasema saba, nani kakosea?" Wangetafuta pamoja. Pengine angegundua mwenyewe, mbele ya mtoto, na mtoto angeona jinsi mtu mzima anavyorekebisha hesabu.

Wengi wenu mliizima video baada ya swali la tano. Iangalieni mpaka mwisho. Swali la sita ni 30 − 12 + 6. Vidole vya binti safari hii viko juu ya meza, vimetulia. Hasemi hela wala mama. Anajumlisha kumi na mbili na sita pembeni, anatoa, anaandika 12, na kijana anamwekea vema.