Mfumo, Jukwaa na Kiunzi: Juu ya Tafsiri ya Mwongozo Mmoja

Miezi michache iliyopita idara moja ilituletea rasimu ya mwongozo uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, ikitutaka tuikague kabla haijapigwa chapa. Mwongozo wenyewe wahusu uchaguzi wa zana za kuundia programu za simu, yaani zile zana zimwezeshazo mwandishi wa programu kuandika msimbo mara moja tu, na programu yake ikatumika katika simu za Android na za iPhone pia. Lugha ya rasimu ni fasaha, na ni dhahiri kuwa mfasiri alijitahidi. Lakini katika ukurasa wa pili tulikutana na sentensi hii: "Mfumo utakaochaguliwa uuwezeshe mfumo kufanya kazi katika mifumo yote." Tuliisoma mara tatu.

Mfumo wa kwanza katika sentensi hiyo ni zana ya kuundia. Wa pili ni programu yenyewe atakayoitumia mwananchi. Mifumo ya mwisho ni Android na iOS. Dhana tatu zimevikwa kanzu moja, na msomaji ameachwa akisie nani ni nani. Neno hili limetokana na kitenzi kufuma, nalo limetufaa sana: mfumo wa elimu, mfumo wa vyama vingi, mfumo wa usagaji chakula. Lakini wafasiri wa maandishi ya kompyuta wamelifanya punda wa kila mzigo. Mwalimu darasani aweza kulisahihisha jambo hili kwa mifano. Ofisa wa manunuzi hana nafasi hiyo. Yeye husoma "mfumo uchaguliwe" akaanza kutenga fedha za kununulia mfumo, hali zana zinazotajwa humo, Flutter na React Native, hutolewa bure na msimbo wake u wazi kwa kila mtu. Kinachogharimu ni kazi ya watu, na hicho ndicho kilichopaswa kutengewa fedha.

Kwa maoni yetu, zana ya namna hii iitwe kiunzi. Si neno jipya. Fundi seremala analijua, na wanafunzi wa vyuo vikuu wamekwisha kulizoea katika "kiunzi cha nadharia". Laundwa kutokana na kuunda kwa njia ileile ipatayo mpenzi katika kupenda, kwa hiyo lina jamaa zake tayari: muundo, muundaji, uundaji. Tena lasema kweli juu ya kitu chenyewe, maana kiunzi si jengo wala si kiwanja. Ni mbao zishikazo jengo umbo lake. Wapo watakaosema kuwa wanariadha nao huruka viunzi. Na waruke, hatudhani kuwa yuko atakayechanganya uwanja wa michezo na meza ya mwandishi wa programu. Vijana wa kazi hiyo husema fremuweki, na hatuwakatazi wakiwa kazini, ila katika waraka wa serikali neno hilo halimsaidii asiyekuwa mmoja wao.

Android na iOS ziitwe majukwaa, kama wengi wasemavyo sasa. Tunachokataa ni "kiunzi cha kuvuka majukwaa", ambacho kimefuata Kiingereza hatua kwa hatua hata kikatuletea picha ya mtu arukaye kutoka jukwaa hadi jukwaa. Hakuna kinachovuka. Programu huundwa ikawako kwote kuwili. "Kiunzi cha majukwaa mengi" chatosha.

Penye ugumu zaidi ni pale rasimu inapoziita programu zilizoandikwa kwa ajili ya jukwaa moja, kwa Kotlin upande wa Android au kwa Swift upande wa iPhone, kuwa ni "programu asilia". Asilia ni neno la sifa. Ukiita hii asilia, nyingine yote imekuwa bandia kabla hujaijadili, na mwongozo uliokusudiwa kupima umekwisha kuhukumu. Sisi twapendekeza "programu mahsusi", yaani mahsusi kwa jukwaa lake. Hapo ndipo tofauti za viunzi zinapoweza kuelezwa bila upendeleo. React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, huagiza vitufe na visanduku vya jukwaa lenyewe. Flutter ya Google, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2018, huchora kila kitufe yenyewe, hivyo sura ya programu huweza kuwa moja katika simu zote mbili. Cordova huchukua kurasa za tovuti ikazivika vazi la programu. Ni njia tatu mbalimbali, na kila moja ina gharama yake. Rasimu ilizifupisha zote kwa maneno "mifumo isiyo asilia", ikawa imemnyima msomaji kile hasa alichokuja kukitafuta.

Lakini kosa lililotutia wasiwasi kuliko yote limo katika sharti la saba: "Mfumo uwe na msaada." Msomaji wa Kiswahili akisikia msaada huwaza wafadhili. Kilichokusudiwa ni ahadi ya waliokitengeneza kiunzi kwamba wataendelea kukirekebisha na kuziba nyufa za usalama wake. Ahadi hiyo hukoma. Xamarin, kiunzi kilichonunuliwa na Microsoft mwaka 2016 na kutumiwa na ofisi nyingi duniani, kilifikia mwisho wa ahadi yake tarehe 1 Mei 2024, na waliokuwa nacho ilibidi wahamie kwingine au wabaki na programu isiyo na mlinzi. Ofisi isomayo "msaada" haitauliza swali la tarehe. Isomayo "matunzo" itauliza: matunzo hadi lini, na ya nani? Kwa hiyo twashauri matunzo, na "ukomo wa matunzo" kwa siku yake ya mwisho.

Liko na dogo ambalo si la istilahi tu. Rasimu yaahidi kuwa programu "itafanya kazi katika simu zote". Simu ya kitochi haimo katika ahadi hiyo, wala hakuna kiunzi katika hivi kitakachoitia humo. Mwenye kitochi huhudumiwa kwa kubonyeza nyota na tarakimu. Mfasiri hakuongeza neno "zote" kwa hila. Lilimponyoka, kama linavyotuponyoka sisi sote. Lakini mwananchi wa kijijini atalisoma kama lilivyoandikwa.

Tuliirudisha rasimu na mapendekezo haya. Mfasiri amekubali kiunzi na matunzo, na "simu zote" ameifuta. Juu ya mahsusi bado anabisha: asema kuwa neno hilo limekwisha kushikwa na mahakama na viapo, na kuwa afadhali "programu ya jukwaa moja". Hoja yake ina uzito. Shauri hilo limo katika ajenda ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi, na wasomaji waliokwisha kuitafsiri dhana hii kwa namna nyingine watuandikie kabla ya hapo, wakitaja sentensi walimoitumia.