Dola 25 na wanafunzi 22: sheria za James Talarico mbele ya ushahidi

Kama unapitia video fupi kwenye simu, huenda umeshakutana na James Talarico. Kijana wa Texas, sauti ya upole, ananukuu Biblia huku akipinga mswada wa 2023 uliotaka Amri Kumi zibandikwe katika kila darasa la shule ya umma. Video ile ndiyo iliyompa jina nje ya jimbo lake. Leo siigusi. Ninachotaka kukitazama ni kazi yake ambayo haisambai hivyo, yaani sheria za afya na elimu alizozisukuma akiwa mbunge wa jimbo. Na nataka kuitazama kwa swali ambalo sisi wa blogu hii tunaliuliza kila wiki: ushahidi unasema nini?

Kwanza, nani huyu. Talarico alizaliwa 1989, akafundisha darasa la sita San Antonio, akasomea sera ya elimu Harvard, na akaingia Baraza la Wawakilishi la Texas kwa uchaguzi wa 2018. Alipoapishwa alikuwa mdogo kuliko wote mle ndani. Usichanganye bunge hili na Congress ya Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na la Texas hukutana katika kikao cha kawaida mara moja tu kila miaka miwili, kwa siku zisizozidi 140. Ukikosa nafasi mwaka huu, mswada wako unasubiri miaka miwili. Tena yeye ni wa Democratic katika bunge linaloshikwa na Republican. Kwa hiyo sheria ikimpita kule, si mchezo.

Kisa cha insulini kinajulikana. Wakati wa kampeni ya 2018 aliamua kutembea kwa miguu eneo lote la uchaguzi, kama maili 25. Akaugua. Hospitalini akaambiwa ana kisukari aina ya kwanza, ule ambao kinga ya mwili inaziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Dozi ya kwanza ya siku 30 ikamgharimu dola 684, na mtu huyo ana bima. Baadaye akapeleka mswada, HB 40. Uliofika mwisho mwaka 2021 ni pacha wake wa Seneti, SB 827, wa Lois Kolkhorst wa Republican. Unasema hivi: mwenye bima hatachangia zaidi ya dola 25 kwa dawa ya insulini ya siku 30.

Dola 25 kutoka 684. Ukisikia hivyo unapiga makofi, na mimi nilipiga. Halafu ukisoma vizuri unaanza kukuna kichwa.

Ngoja nieleze bei yenyewe kwanza. Insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921, na waliohusika waliuza hataza yao kwa chuo kikuu kwa dola moja kila mmoja. Leo tuko wapi? Kichupa cha Humalog ya Eli Lilly kilikuwa dola 21 katika miaka ya 1990. Kufikia 2017 bei iliyotangazwa ilikuwa imepita dola 270. Dawa ni ileile. Watafiti wa RAND walipolinganisha bei za viwandani za 2018, kipimo kimoja cha insulini Marekani kilikuwa wastani wa dola 98.70, na katika nchi nyingine za OECD dola 8.81. Na kuitengeneza? Makala ya 2018 katika BMJ Global Health ilikadiria kwamba insulini ya kawaida ya binadamu inaweza kuuzwa kwa faida na bado mgonjwa asilipe zaidi ya dola 72 kwa mwaka mzima. Mwaka, si mwezi.

Sasa, sheria ya dola 25 inafanya nini juu ya hizo namba? Haifanyi kitu. Bei inabaki palepale, kilichobadilika ni nani anailipa. Mgonjwa anatoa 25, bima inatoa zilizobaki, na bima nayo hukusanya kutoka kwenye michango ya wanachama wote. Mtu anaweza kusema ndiyo maana ya bima hiyo, na ni kweli. Kugawana mzigo ni jambo jema. Ila tusiseme insulini imeshuka bei Texas kwa sheria hii. Haikushuka.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Sheria ya jimbo inashika tu bima zinazosimamiwa na jimbo. Tangu 1974 kuna sheria ya shirikisho, ERISA, inayoziweka kando bima ambazo mwajiri mwenyewe ndiye anayelipa matibabu ya wafanyakazi wake. Karibu theluthi mbili ya Wamarekani wenye bima ya kazini wako kwenye mipango ya namna hiyo. Jimbo haliwagusi. Na asiye na bima kabisa hana cha kuwekewa ukomo, maana hana wa kumlipia zilizobaki. Texas ndiyo jimbo linaloongoza Marekani kwa watu wasio na bima, kama mtu mmoja kati ya sita. Wanaopima insulini kwa jicho, wanaojichoma nusu dozi ili kichupa kifike mwisho wa mwezi, wengi wako humo.

Na hapa ndipo utafiti unapoanza kuuma. Mwaka 2024 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majimbo yaliyoweka ukomo wa aina hii. Watafiti walichukua watu wenye bima za binafsi, wakawatazama kabla na baada ya sheria, wakawalinganisha na wa majimbo yasiyo na sheria hiyo. Wagonjwa walilipa pungufu, kama asilimia 17, na kwenye majimbo yenye ukomo mkali wa dola 25 hadi 30 upungufu ulifika asilimia 40. Vizuri sana. Lakini je, walitumia insulini zaidi? Hapana. Idadi ya dozi walizochukua haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Unaweza kulisoma tokeo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba sheria haina faida kwa afya. Mimi siisomi hivyo. Insulini si soda, huwezi kuamua wiki hii uache. Mwenye bima aliyebanwa na bei alikuwa akiinunua hata hivyo, ila kwa kukopa, kwa kuchelewesha kodi ya nyumba, kwa kula vibaya. Akilipa pungufu, maisha yake yanapumua hata kama sindano ni zilezile. Njia ya pili, ninayoiamini, ni kwamba sheria imewafikia watu ambao hawakuwa wakikosa dozi. Katika utafiti wa kliniki moja ya kisukari huko New Haven, uliochapishwa 2019, mgonjwa mmoja kati ya wanne alikiri kupunguza insulini kwa sababu ya gharama. Watu hao ndio kipimo. Ukitaka kujua kama sera ya insulini imefaulu, usihesabu dola zilizookolewa, hesabu dozi zilizorukwa.

Nani basi aliyeshusha bei? Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa sababu haina shujaa. Mwezi Machi 2023 Eli Lilly ilitangaza kukata bei ya insulini zake kuu kwa asilimia 70, na Novo Nordisk na Sanofi wakafuata. Matangazo yalijaa maneno ya huruma. Lakini ndani ya sheria ya shirikisho ya 2021 ya kufufua uchumi kulikuwa na kifungu kikavu kuhusu marejesho ambayo kampuni za dawa huilipa Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini. Kampuni iliyopandisha bei kupita mfumuko hulipa marejesho makubwa, ila yalikuwa na kikomo: hayawezi kuzidi bei ya dawa yenyewe. Kifungu kile kiliondoa kikomo hicho kuanzia Januari 2024. Piga hesabu mwenyewe. Dawa iliyopanda kutoka dola 21 hadi 270 na ushee sasa ingeilazimu kampuni kuilipa serikali kwa kila kichupa inachokitoa. Kukata bei ikawa nafuu kuliko kutokata. Kwa maoni yangu kifungu hicho kilifanya kazi ambayo sheria ya dola 25 haikuwa na uwezo wa kuifanya, na hakuna aliyekitengenezea video.

Talarico mwenyewe nadhani aliliona pengo. Mwaka 2023 alipitisha HB 25, sheria ya Texas kuagiza dawa za bei nafuu kutoka Canada kwa jumla. Wazo linapendeza, na kwa dawa za vidonge huenda likafaa. Ila uagizaji huo unategemea kifungu cha 804 cha sheria ya shirikisho ya dawa, na kifungu hicho kinakataza dawa za kibaiolojia. Tangu Machi 2020 insulini imewekwa rasmi katika kundi hilo. Yaani mbunge mwenye kisukari ameandika sheria ya kuleta dawa kutoka nchi iliyovumbua insulini, na insulini haimo. Sio kosa lake, mlango umefungwa Washington. Lakini nilitegemea hilo lisemwe wazi kila sheria hii inaposifiwa.

Twende shuleni. Huku nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu elimu ndiyo fani yake.

Mwaka 2021 huohuo Texas ilipitisha SB 2081: darasa la awali, la watoto wa miaka minne hivi, lisizidi watoto 22. Talarico alikuwa na mswada kama huo upande wa Wawakilishi, HB 41, na aliupigania kama mwalimu wa zamani. Kabla ya hapo madarasa ya awali hayakuwa na ukomo wowote kisheria, wakati chekechea hadi darasa la nne walikuwa nao. Kuziba tundu hilo ni haki. Swali langu ni moja tu: kwa nini 22?

Jibu ni historia, si sayansi. Namba 22 ilitoka kwenye mageuzi ya elimu ya Texas ya 1984. Jaribio kubwa la kisayansi kuhusu ukubwa wa darasa, STAR la jimbo jirani kidogo la Tennessee, lilianza 1985, mwaka mmoja baada ya namba kuchaguliwa. STAR iliwagawa watoto zaidi ya 11,000 kwa bahati nasibu tangu chekechea hadi darasa la tatu. Wengine waliwekwa kwenye madarasa madogo ya watoto 13 hadi 17, wengine kwenye madarasa ya kawaida, na wengine kwenye ya kawaida yenye msaidizi wa mwalimu. Madarasa madogo yalishinda wazi. Msaidizi hakuleta tofauti ya maana. Na hayo ya kawaida, yaliyoshindwa, yalikuwa na watoto wangapi? 22 hadi 25.

Soma tena. Ukomo wa Texas unaanzia pale ambapo jaribio liliweka kundi la kulinganishia. Ni kweli STAR haikupima watoto wa miaka minne, kwa hiyo siwezi kuhamisha tokeo lake moja kwa moja. Lakini watoto wadogo zaidi hawahitaji uangalizi mdogo zaidi, na taasisi ya NIEER inayopima ubora wa elimu ya awali Marekani imeweka kiwango cha watoto 20, mtu mzima mmoja kwa kila kumi.

Najua kuna msomaji anacheka hapa. Wengi wetu tulisoma watoto themanini darasani, na mtu analalamikia 22! Basi tuje nyumbani kidogo, maana ushahidi mmoja mzuri umetoka magharibi mwa Kenya. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule zilizoongezewa mwalimu wa mkataba, madarasa yakashuka kutoka wastani wa wanafunzi 82 hadi 44. Waliobaki na mwalimu wao wa zamani, aliyeajiriwa na serikali, hawakupanda kwa kiasi cha maana, ingawa darasa lilikatwa karibu nusu. Waliopelekwa kwa mwalimu wa mkataba ndio waliofanya vizuri zaidi. Mwalimu huyo alifika darasani mara nyingi zaidi kuliko mwenzake. Kwa hiyo idadi ya vichwa peke yake haitoshi hata ukikata arobaini, sembuse ukikata watatu au wanne.

Utetezi wa Talarico naujua, na una uzito: 22 ndiyo namba ambayo bunge lile lingeikubali, kwa sababu ilishazoeleka. Darasa la watoto 28 likishuka hadi 22, mwalimu yule anajua tofauti bila kusoma jarida lolote. Sawa. Ila yeye si mwanasiasa wa kubahatisha, ana shahada ya sera ya elimu. Angeweza kuomba 22 kwa sasa na hapohapo aombe wilaya chache zijaribu 15 kwa bahati nasibu, kama Tennessee walivyofanya miaka ya 1980 wakitumia fedha za jimbo na idhini ya wanasiasa wa jimbo. Texas ina shule za umma zaidi ya 8,000. Hakuna maabara kubwa kama hiyo.